Kisu Kinachosema Kimechoka

Siku niliporipoti machinjioni, Mchinjaji hakutaka kuona barua yangu ya kupangiwa kazi. Alitaka kuona kisu changu.

Nilikuwa nimetoka Singida, sijamaliza hata miezi minne tangu niache chuo cha mifugo, na nimepangiwa kuwa mkaguzi wa nyama mjini Kigoma. Wanaume kumi na wawili wenye buti za mpira walisimama wakinitazama. Mmoja akauliza, kwa sauti ya kutaka nisikie, kama serikali imeishiwa wanaume. Ndipo mzee mmoja mrefu, mwembamba, aliyevaa koti jeupe lililofungwa kamba kiunoni, akaninyooshea kiganja.

"Lete kisu, Daktari."

Nikatoa kisu changu cha kukunja nilichonunua chuoni. Alikifungua, akalaza makali juu ya ukucha wa kidole gumba, akakivuta kidogo kama mtu anayewasha kiberiti. Kikateleza.

"Hiki ni cha kumenyea machungwa," akasema. "Tezi utazipasulia nini?"

Akaenda nacho pembeni kwenye beseni lake la mawe. Aliporudi, kisu kilikuwa kinakwama kwenye ukucha badala ya kuteleza, na mimi nikaanza kazi. Habari ya wanaume haikuulizwa tena.

Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya halmashauri kama majina yetu sote, lakini sikumbuki kuwahi kulitamka. Mimi nilimwita Mzee. Wengine wote walimwita Mchinjaji, na siku moja nilipokwenda kwake Ujiji nilimsikia mjukuu akimwambia mgeni mlangoni, "Mchinjaji amelala." Wapo waliosema alizaliwa ng'ambo ya ziwa, wapo waliosema ni wa Ujiji hapo hapo. Yeye akiulizwa alijibu kwamba siku hiyo hakuwa na fahamu.

Kazi ya machinjioni huisha mapema. Saa tatu asubuhi nyama imeshapigwa muhuri na wenye mabucha wameshaondoka. Yeye alifunga visu vyake ndani ya gunia, akapanda bajaji hadi Ujiji, akaoga, akalala kidogo, akaswali adhuhuri. Baada ya hapo alikaa barazani kwake na beseni la maji lenye mawe matatu ndani: jekundu aliloliokota mwenyewe kwenye kijito njia ya Simbo, la kijivu lililotoka Bujumbura, na jeusi la kiwandani lililokatika kona moja. Kando yake uliwekwa mkanda wa ngozi uliopigiliwa kwenye ubao. Hapo ndipo watu walipomletea visu vyao vya mfukoni. Walikuja wavuvi wa Kibirizi, mafundi umeme wanaochuna nyaya, wauza miwa, walimu, na akina mama wa dagaa waliofunga visu vyao kwenye pindo la khanga. Hakutoza. Anayetaka kushukuru alileta samaki, mgebuka mmoja au wawili, na asiyeleta hakuulizwa.

Nami nilikwenda, mwanzoni kwa sababu ya kisu changu, baadaye kwa sababu nilikuwa mgeni mjini na pale barazani palikuwa na watu.

Alikuwa akikitambua chuma kwa sikio. Visu vya zamani vyenye chuma cheusi kinachoshika kutu, vile walivyokuwa navyo watu wa reli, alivipenda kuliko vyote. Alivipitisha mara tano upande huu na mara tano upande wa pili kwenye jiwe jekundu, mara kadhaa kwenye ngozi, basi. Sauti yake ilikuwa kama ya kukwangua ukoko wa sufuria. Mwenye kisu alikuwa hajamaliza hata kusalimia watu. Kasoro yake ni kutu tu, na kwa kutu aliwaambia wapake mawese.

Visu vya wamachinga vinavyong'aa kama vijiko hakuvipenda, ingawa navyo vilinoleka upesi. Tabu yake ni ule unyuzi wa chuma unaotokea ukingoni unaponoa. Unanoa huku, unajikunja kule. Unaufuata kule, unarudi huku. Ukifanikiwa kuuondoa unapata makali mazuri ya kukata kitunguu kimoja. Cha pili kinapondwa.

"Huyu muongo," alisema akikirudisha. "Hakatai kazi, wala haifanyi."

Kulikuwa na vile vya mpini mwekundu, vyenye mkasi na kifungua chupa, ambavyo watalii wanaokwenda kuona sokwe huwaachia waongozaji wao. Hivyo vilikuwa vya katikati. Jiwe la kijivu liliviweza, dakika kumi hivi, na makali yalikaa wiki mbili.

"Hawa ni watumishi wa serikali," alisema. "Hawakati sana, hawagomi sana, na kila siku wapo." Akanitazama mimi. Baraza zima likacheka, nami nikacheka.

Kisha kulikuwa na visu vigumu. Cha kwanza nilichokiona pale kililetwa na dereva wa mtafiti mmoja Mzungu aliyekuwa akichunguza samaki wa ziwani. Kilikuwa na bapa moja tu la kijivu lisilong'aa, na ubavuni kimechongwa herufi na tarakimu za kutaja aina ya chuma. Mchinjaji alizisoma polepole kama mtu anayesoma namba ya gari lililomgonga. Akakiweka kwenye jiwe jekundu. Kikateleza kama juu ya kioo. La kijivu, kadhalika. Jiwe jeusi lilikitia mikwaruzo tu. Alikaa nacho mchana mzima, na kesho yake mchana mzima. Siku ya tatu alituma kwa jirani fundi marumaru akaazima kile kibao chake cha almasi cha kusagia kingo za vigae, na kufikia alasiri kisu kilinyoa nywele za mkono wake bila kuugusa mkono.

"Bosi anasema kikishanolewa hakiguswi mwaka mzima," dereva akajisifu kwa niaba ya bosi wake.

"Mwaka mzima hakigusi?" Mchinjaji akauliza. "Sasa anakijuaje?"

Hilo ndilo lililokuwa fundisho lake, na nimelisikia likisemwa kwa namna nyingi. Kisu laini kinasema kimechoka. Kinapungua kidogo kidogo, mkono unasikia, unakipa dakika mbili za jiwe, kinaamka. Kigumu kinanyamaza. Kinakata leo, kinakata kesho, kinakata mwezi ujao, nawe unasahau kwamba ni chuma, mpaka siku kinapogoma. Na siku hiyo kukirudisha kunataka nusu siku, ambayo huna. Kwa hiyo aliyekuja kumuuliza anunue kisu gani hakujibiwa juu ya kisu. Aliulizwa, "Nyumbani una jiwe gani?"

Mvuvi mmoja, Mbembe aliyehamia Kibirizi miaka mingi iliyopita, alikuja na kisu kigumu cha kukunja alichopewa na shemeji yake.

"Mzee, hii kisu inanikatalia," akasema. "Kamba ya wavu imejifunga kwenye panga la injini, mawimbi yanatupiga, mimi nakata, nakata, haikatike. Nimekata na meno."

Akafunua mdomo. Jino moja la mbele lilikuwa limevunjika.

Mchinjaji aliutazama mdomo ule kwa makini kuliko alivyokitazama kisu. Kisha akaingia ndani akatoka na kisu chake mwenyewe, cheusi, kipini cha mti kimefungwa waya, akampa. "Hiki kinoe kila Ijumaa hata kama hakidai," akamwambia. "Kile mrudishie shemeji yako. Mwambie asante."

Nisije nikamfanya aonekane mtu mwenye subira. Subira yake ilikuwa ya chuma tu. Watu walimchosha upesi. Mtu akirefusha salamu alianza kukung'uta beseni. Alikuwa akidanganya umri wake, kwenda mbele na kurudi nyuma kulingana na faida. Koti lake jeupe alilifua kila siku kwa mikono yake na alikasirika asiposifiwa. Nyama ya ng'ombe hakuila. Nilipomuuliza sababu alisema, "Tumeshaonana naye asubuhi," akaendelea na ugali wake wa muhogo na samaki.

Na jikoni kwake hapakuwa na kisu. Palikuwa na kipande cha bati chenye mpini. Mkewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika hadi barabarani, alinishika mkono siku moja akaniingiza jikoni nikashuhudie.

"Daktari, tazama. Kigoma nzima inanolewa visu hapo nje, mimi kitunguu nakisukuma kama mkokoteni!"

"Hukuniletea," Mchinjaji akajibu kutoka barazani.

"Nimekuletea mwaka juzi!"

"Kiko kwenye foleni."

Katika mwaka wangu wa tisa, binti yake aliyeolewa Maskati alikuja likizo. Alimletea baba yake kisu cha kuchinjia. Kilikuwa ndani ya sanduku lenye kitambaa ndani, kirefu, kizito kwa nyuma na chembamba mbele, chuma cha jamii ile ile ya kisu cha mtafiti. Mzee alikicheka wiki nzima. Akasema kinafaa kutundikwa ukutani. Kisha asubuhi moja, kwa ajili ya kumfurahisha binti kabla hajaondoka, akakileta machinjioni.

Kilikata kama maji. Hata sisi tusiokishika tuliona. Siku ile akachinja nacho ng'ombe wote, na kesho yake, na wiki ile yote, bila kukigusisha kwenye jiwe. Wiki ikawa mwezi. Nikamwona Mchinjaji akifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: kuwaonyesha watu kisu. Aliwaita wachunaji, akawapa wakishike, akakipokea tena upesi. Akawaambia jinsi ambavyo hakijaguswa tangu kifike. Beseni lake la machinjioni, lile la kunolea kabla ya kazi, likakauka. Vumbi likaingia. Kuna siku niliona mtu ameweka buti humo.

Kwenye fomu yangu ya kila wiki palikuwa na mstari unaosema "Hali ya vifaa." Kila Jumatatu niliandika "nzuri."

Ilikuwa Alhamisi, dume kubwa jeusi kutoka Simbo, mali ya mwenye bucha mmoja wa Gungu ambaye alikuwepo mwenyewe kusimamia. Wakamlaza, wakamwelekeza kibla. Nilikuwa hatua nne kutoka pale na ubao wangu wa karatasi. Nikasikia Bismillahi, nikasikia Allahu Akbar, nikaona mkono ukienda kama nilivyouona ukienda maelfu ya mara. Sauti ndiyo haikuwa ile. Kisu kilipanda juu ya ngozi kikasimama. Akakandamiza. Kikaingia nusu. Dume akarusha kichwa, mkono wa Mzee ukatoka, na kisu kikaanguka kwenye saruji. Mchunaji aliyekuwa karibu akampa kisu cha zamani, naye Mzee akamaliza. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko huu nilioutumia kuyaeleza.

 Mzee akaokota kisu, akakisuuza, akasimama akikitazama.

"Huyu kibudu," akasema. "Simhalalishi."

Mwenye bucha alidhani amesikia vibaya. "Kibudu vipi, Mzee? Si umerudisha hapo hapo? Mnyama alikuwa hai, sote tumeona!"

"Nimesema."

"Subiri," mwenye bucha akasema, akatoa simu. "Subiri, tusibishane. Tumuulize sheikh."

Akampigia, akaweka sauti ya nje, akaeleza jinsi ilivyotokea, kwa haki, bila kuongeza. Sheikh akauliza maswali mawili. Kisha akasema kama mkono ulirudi papo hapo na mnyama angali na uhai, basi amechinjwa, ni halali, watu wale.

"Umesikia?" mwenye bucha akasema.

"Nimesikia. Sheikh amejibu sawasawa kwa alichoulizwa." Mchinjaji akaisogelea simu, akainama kidogo kama mtu anayeongea na mtoto. "Sheikh, assalaam alaykum. Liko ambalo hukuambiwa. Jana alasiri kisu hiki nilikilaza kwenye ukucha kikateleza. Nikajua. Lakini kukinoa ni kazi ya nusu siku, na nilikuwa nimechoka. Nikasema kesho. Mnyama huyu hakuteswa na kisu. Ameteswa na uvivu wangu."

 Sheikh akasema nyama ni halali vile vile, kosa ni la mwenye kosa, atubu, na mwenye shaka moyoni aache.

"Ndiyo hivyo," Mchinjaji akasema. "Mimi nina shaka. Na wanaokula wananiamini bila kuniuliza."

Mwenye bucha akanigeukia mimi. "Daktari, wewe ndiye serikali. Kagua, piga muhuri, tuondoke. Watu wanasubiri nyama Gungu."

Nilikagua. Mapafu safi, ini safi, tezi zote safi. Fomu inaniuliza kuhusu magonjwa tu. Sikuwa na sababu ya kuzuia muhuri na sikuuzuia. Nilipoupiga, Mchinjaji alikuwa anatazama upande mwingine, nami nikashukuru kwa hilo.

"Safi," mwenye bucha akasema. "Pakieni."

"Ngoja," Mchinjaji akasema. "Nina dume langu Simbo, unamjua, yule mwekundu. Nilimweka kwa harusi ya mjukuu. Mchukue yule. Huyu niachie mimi."

Mwenye bucha alimkodolea macho. Alikuwa mtu mwenye hasira lakini hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mzee, usifanye hivyo. Yule ni mkubwa kuliko huyu."

"Ndiyo maana hutakataa."

Hakukataa. Kufikia mchana dume mwekundu alikuwa ameletwa. Mchinjaji alimchinja mwenyewe kwa kisu cha zamani, baada ya kuliosha beseni, kulijaza maji na kunoa mbele yetu sote kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Yule mweusi alipelekwa kwenye parokia moja iliyokuwa ikijiandaa kwa kipaimara. Walielezwa kila kitu, padri akashukuru. Jumapili ile nami nilialikwa, ingawa mimi ni Mlutheri. Nilikula. Ilikuwa nyama laini. Kwenye harusi ya mjukuu waliliwa kuku na samaki, na bibi harusi hakumsemesha babu yake mwezi mzima.

Alhamisi ile ile, nilipokuwa naosha buti, alinijia.

"Daktari, beseni lilikuwa kavu. Uliliona."

"Niliona, Mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza wa kisu."

"Mbona hukusema?"

Nikamwambia ukweli, kwamba yeye ni mzee wangu, ndiye aliyenifundisha kushika kisu, na nisingejua nianzie wapi.

"Ungeanza hivi," akasema. "'Mzee, kisu hicho butu.' Maneno manne."

Hakuwa na hasira. Akaomba aione fomu yangu. Nikampa faili zima. Alifunua ukurasa mmoja mmoja, akishusha kidole kwenye ule mstari wa vifaa: nzuri, nzuri, nzuri, nzuri. Alipofika mwisho akalifunga, akanirudishia kwa mikono miwili, akaondoka. Angenigombeza ningepata nafuu.

Kile kisu cha Maskati hakukitupa wala hakukiuza. Alikipeleka jikoni kwa mkewe. Nilipomtania kwamba hatimaye foleni imesogea, alisema kitunguu kikikatwa mara mbili hakilalamiki. Mara moja kwa mwaka alikaa nacho siku nzima na kibao cha almasi cha jirani, na mkewe akawatangazia majirani kwamba sasa naye ameolewa.

Alichinja miaka miwili mingine. Hakuna aliyemwambia aache. Asubuhi moja alinoa kisu, akakilaza kwenye ukucha, akakivuta, akarudia, akabadilisha kidole, akarudia tena. Kisha akampa mchunaji mmoja wa Kiha aliyekuwa amefuzu kuchinja, akamuuliza, "Kinakwama au kinateleza?"

"Kinakwama, Mzee. Kikali kweli kweli."

"Mimi sisikii," akasema. Akavua koti, akalikunja, akampa na kisu. "Basi. Endelea wewe."

Mwaka uleule nikahamishiwa Kasulu.

Baada ya hapo nilionana naye mara moja tu kwa kirefu. Nilikuwa nimekuja Kigoma kwenye mafunzo ya wiki moja, nikasikia amelazwa. Nilimkuta wodini amekaa kitandani, amekonda zaidi, macho yameanza ukungu. Mgongoni, chini ya bega la kulia, alikuwa na uvimbe wa ukubwa wa chungwa. Hakuweza kulala chali. Asubuhi ile ndiyo ungetolewa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Daktari wa Singida," akasema kabla sijajitambulisha. "Kaa. Anakuja yule atakayenikata."

Alikuja daktari wa upasuaji, kijana mwenye adabu, ambaye kwa lafudhi yake nilidhani ni wa Moshi. Akamweleza watakachofanya. Mchinjaji alisikiliza hadi mwisho.

"Kisu chako," akauliza, "anakunolea nani?"

Kijana akatabasamu. "Hatunoi, Mzee. Kinatoka kwenye pakiti, kipya. Tukimaliza tunakitupa."

"Chuma kizuri?"

"Kizuri sana."

"Na mnakitupa."

"Tunakitupa, Mzee."

 Kisha akanyoosha kidole gumba. "Nilazie hapa nikisikie." Kidole chenyewe nilijua hakisikii.

"Haiwezekani, Mzee. Nikikifungua hapa kitachafuka, halafu kitakudhuru."

Mchinjaji alikirudisha kidole ndani ya kiganja. Akanigeukia. "Sawa," akasema. "Ng'ombe nao hawakuwahi kukikagua changu. Walilala tu."

Wakamsukuma. Nilikaa kwenye benchi nje pamoja na mkewe, ambaye siku ile aliongea kwa kunong'ona. Baada ya saa moja na nusu kijana akatoka akasema imekwenda vizuri.

Siku ya tatu, ambayo ilikuwa ya mwisho ya mafunzo yangu, nilipita kumuaga. Nilimkuta amelala kifudifudi, nesi anambadilishia bandeji.

"Ni Daktari?" akauliza akiwa ameelekea ukutani.

"Ni mimi, Mzee."

"Afadhali. Njoo unitazamie. Mimi siwezi kujiona, na hawa hapa wananiambia maneno ya wagonjwa. Amekata mara moja?"

Nikainama. Kutazama mikato ndiyo kazi iliyonilisha. Mstari ulikuwa umenyooka, kingo zimekutana, nyuzi zimepangwa vizuri, hakuna usaha. Mwisho wa chini, pembeni kidogo, palikuwa na alama ya pili, fupi kuliko punje ya mchele, pale kisu kilipotoka kikarudi. Haikuwa na madhara yoyote. Nesi aliona ninachokitazama. Akanitikisia kichwa: nisiseme.

"Umenyooka, Mzee," nikasema. "Unapona vizuri. Lakini chini hapa amerudia. Kidogo tu."

Nesi akanisonya.  Kisha nikaona mgongo ule unatikisika, nikadhani nimemliza, nikaanza kutafuta maneno. Alikuwa anacheka, polepole, kwa kuogopa nyuzi.

"Bado kijana," akasema. "Atajifunza."

Akatulia. Mkono wake ukatoka chini ya shuka, ukapapasa hewani mpaka ukaupata wangu.

"Umesema, Daktari."

"Nimesema, Mzee."

"Haya," akamwambia nesi. "Nifunike."